Barua za Darwin mtandaoni: bure kabisa, na mzee alikuwa ombaomba balaa

Naanza na maksi ili mwenye haraka achukue aondoke: nyota nne na nusu kati ya tano. Huduma yenyewe inaitwa Darwin Correspondence Project, ya Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, yani watu wamekaa chini wakasaka kila barua ya Charles Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, iliyobaki duniani, alizoandika yeye na alizoandikiwa, wakapambana na mwandiko wake mbovu, wakazichapa upya neno kwa neno, wakaweka maelezo afu wakazimwaga mtandaoni bure. Hakuna kujisajili, hakuna kuombwa namba ya simu, hakuna kadi. Barua zaidi ya 15,000, watu alioandikiana nao kama 2,000, kuanzia 1821 akiwa dogo wa miaka 12 mpaka Aprili 1882 alipofariki. Kazi ilianza 1974, aliianzisha Mmarekani Frederick Burkhardt akiwa na miaka 62, umri ambao wengine wanahesabu pensheni, na juzuu za kuchapwa zimefika 30, ya kwanza ilitoka 1985, mzee mwenyewe akafariki 2007 kabla haijaisha. Juzuu sahau, bei zake ni za maktaba za vyuo. Sisi kwetu ni kwenye simu.

Najua ukisema Darwin kijiweni watu wanakimbilia kwenye nyani, na ubishi huo ukianza hauishi hadi muuza kahawa afunge. Mi sikuingia kule kwa ajili ya ubishi, niliingia kwa sababu napenda kusoma barua za watu, tuuite tu umbea wa kisomi, na kwa umbea huu saiti imeshiba. Kama umezoea yule Darwin wa kwenye picha, ndevu mpaka kifuani, jicho kali kama nabii, jiandae, huyo humkuti. Unakuta mtu anaomba. Anaomba mbegu, anaomba njiwa waliokufa, anaomba mayai ya mijusi, anaomba mtu amtazamie farasi wake wana mistari gani, anaomba radhi kwa kuomba, afu anaomba tena chini ya sahihi.

Ili uelewe kwanini aliandika hivyo lazima ujue posta yao. Kabla ya 1840 Uingereza anayepokea barua ndo alikuwa analipa, na bei inapanda kwa umbali, kwa iyo kumwandikia mtu ilikuwa karibu na kumpelekea deni. Mwaka huo wakaleta stempu: peni moja tu, barua isizidi nusu aunsi, popote ndani ya nchi, na anayetuma ndo analipa. Miaka miwili baadae, 1842, Darwin na mkewe Emma wakahamia Down House, kijijini Kent, kama kilomita 25 tu toka London, na pale akakaa miaka 40 mpaka kufa. Alikuwa mgonjwa mgonjwa, anatapika, tumbo halitulii, kusafiri kwake mtihani. Alishazunguka dunia na meli ya Beagle akiwa kijana, sasa posta ndo ikawa inamzungukia. Mwanae Francis alieleza vizuri ratiba ya nyumbani: mchana baada ya kusoma gazeti mzee anakaa kwenye kiti kikubwa karibu na moto, ubao umelazwa juu ya mikono ya kiti, anaandika barua. Zikiwa nyingi anatoa rasimu mtu mwingine aandike, na rasimu zenyewe kaandika nyuma ya karatasi za miswada yake, hazisomeki.

Na alijibu watu wote. Hata wapuuzi. Aliwahi kuchapisha fomu maalumu ya kuwajibu wasumbufu, afu akawa haitumii, anasema asipojibu inamkaa rohoni. Mi hapo nilimheshimu, maana kuna watu hapa wamenisoma tangu Idi na hawajanijibu mpaka leo.

Sasa ukiingia tu, kila mtu atakuelekeza kwenye barua mashuhuri. Sawa, zisome. Kila barua ina namba yake, kwa iyo ukitaka kumtumia mtu mtajie namba tu. Ya 729 ni ile ya tarehe 11 Januari 1844 kwa Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ametoka kwenye safari ya ncha ya kusini, ndo humo Darwin anamtobolea kwamba anaanza kuamini viumbe hubadilika, na kwenye mabano anaongeza kuwa ni kama kukiri mauaji. Watu wote wanainukuu hiyo sentensi, ila uisome barua nzima, sehemu kubwa anaulizia mimea ya visiwani. Yani kakiri mauaji katikati ya maombi ya majani. Hapo ndo nikajua huyu mtu ni wa aina gani.

Ila ushauri wangu, hizo mashuhuri zipitie haraka uingie kwenye za kawaida. Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa tarehe 17 Mei 1855, anamwandikia binamu yake William Darwin Fox ambaye alikuwa mchungaji. Anaanza kwa kumwambia najua utauchukia hata huu mwandiko wangu ukiuona, ila baada ya hapa naahidi sikuombi tena kitu, angalau kwa muda mrefu. Afu moja kwa moja: huko kwenu udongo ni wa mchanga, je mijusi ipo? Kama ipo, utaona ni kichekesho sana ukiwatangazia watoto wa shule yako kwamba nalipa shilingi moja kwa kila mayai sita ya mjusi, au zaidi kama ni adimu, mpaka yafike dazeni mbili tatu, afu unitumie? Na wakileta ya nyoka kwa bahati mbaya poa tu, nayo nayataka, maana kwetu hapa hamna mijusi wala nyoka. Anataka kuona kama mayai yanaelea kwenye maji ya bahari na kama yatabaki hai yakielea mwezi au miwili kwenye chumba cha chini cha nyumba yake.

Fikiria mchungaji anapokea hiyo na chai ya asubuhi.

Sababu ya mijusi ni kwamba alikuwa anatafuta jinsi wanyama na mimea walivyofika visiwani. Wenzake wengine walikuwa wanasema zamani kulikuwa na nchi kavu imeunganisha visiwa na bara afu ikazama, yeye hakuipenda hiyo, akasema ngoja tuone kama bahari yenyewe inaweza kubeba. Kwa iyo mwaka huohuo akawa anaweka mbegu kwenye vichupa vya maji ya chumvi, nyingine kwenye tangi lenye theluji, na barua kwa Hooker zikawa kama taarifa za mechi: hizi zimeota, hizi zimeoza, maji yananuka vibaya. Hooker hakuamini zitaota, na watoto wa Darwin wakawa wanamuuliza baba yao mara kwa mara kama atamshinda Dk. Hooker. Zikaota nyingi tu, mwishoni kati ya aina 87 alizojaribu 64 ziliota baada ya siku 28 kwenye chumvi. Shangwe. Afu ikaja kugundulika kitu ambacho mtoto wa pwani angemwambia bila posta: mbegu nyingi zinazama. Zinaweza kuwa hai ila ziko chini ya bahari, zinaenda wapi? Akamwandikia Hooker kwa hasira ya utani kwamba kajisumbua kuzitia chumvi hizo takataka zisizo na shukrani bure. Ila hakuacha, akaanza upya na matawi yaliyokaushwa yakiwa na matunda yake, maana kikavu kinaelea zaidi. Kwenye kitabu chake cha 1859, Origin of Species, kile cha asili ya viumbe, jambo lote hilo limekaa kwenye kurasa chache zilizotulia, kwenye barua unaona uvundo wake.

Hapo ndo huduma hii inanipata. Kitabu kinakupa jibu, barua zinakupa mtu akiwa hajui bado. Na zinakupa na wale waliomsaidia, ambao kwenye vitabu wanabaki majina ya chini ya ukurasa. Wafuga njiwa wa London, Tegetmeier ndo kinara wao, walimtumia mizoga kwa posta achemshe apate mifupa. Profesa Alfred Newton, mtaalamu wa ndege wa Cambridge, alimtumia mguu wa kwale wenye donge la udongo lililogandia, udongo umekaa miaka mitatu, Darwin akauvunja akaumwagilia, mimea 82 ikachipua. Mguu mmoja! Kila barua ina muhtasari juu na maelezo chini kuhusu nani ni nani, na kila mtu aliyeandikiana nae ana wasifu wake mfupi, ukibonyeza jina unaletewa barua zake zote. Lydia Becker wa Manchester, ambaye baadae alikuwa kigogo wa kudai kura za wanawake Uingereza, alikuwa anamtumia maua, na alipoanzisha chama cha wanawake cha kujisomea akamwomba Darwin awape chochote cha kusoma mkutanoni, nae akatuma. Mary Treat wa New Jersey alikuwa anamwandikia kuhusu mimea inayokula wadudu. Hawa bila hizi barua nani angewajua?

Afrika nayo ipo, na ndo sehemu nilitumia bando langu kubwa. Toka Natal, Afrika Kusini ya leo, bwana mmoja Weale alimtumia kipakiti cha mavi makavu ya nzige, samahani kwa wanaokula, Darwin akayapekua kwa hadubini akapata mbegu, akapanda, zikaota nyasi saba. Lengo lilikuwa lilelile la mijusi, kujua mbegu zinasafirije, na nzige wanavuka bahari. Mary Elizabeth Barber wa Cape, hukohuko kusini, alichunguza buu la kipepeo linavyobadili rangi kufuata kitu lilichoning'inia, na makala yake ya 1874 ilifika London kupitia Darwin. Afu kuna lile swali lake la sura: mwaka 1867 alitengeneza orodha ya maswali akaisambaza duniani kwa wamisionari, wakoloni, wasafiri. Watu wa huko wakishangaa wanatoa macho na kufungua mdomo? Wakiona aibu? Wakikubali wanatikisa kichwa juu chini? Mmoja wa waliojibu alikuwa Mwafrika mwenyewe, Christian Gaika, ndugu yake Chifu Sandile wa Waxhosa, aliyeandika kwa Kiingereza chake. Kati ya majibu yote yale lake ndo nililotaka kulisoma kwanza, maana wengine wote wanawaeleza Waafrika, yeye anajieleza. Niseme wazi pia kwamba lugha ya barua nyingi za wakati ule inakera, maneno ya washenzi washenzi yamejaa, na saiti imeyaacha yalivyo. Nadhani wamefanya sawa, ila uingie ukijua.

Na Madagascar. Januari 1862 tajiri mmoja wa maua, James Bateman, alimtumia boksi la okidi, ndani kuna moja jeupe la Madagascar lenye mkia mwembamba wa kutunzia asali urefu karibu futi moja, na asali yenyewe iko chini kabisa mkiani. Darwin akamwandikia Hooker papo hapo, maneno yake ni ya mtu aliyepigwa butwaa, Mungu wangu ni mdudu gani anaweza kuifyonza hii. Mwaka huohuo akachapisha kwamba lazima Madagascar kuna nondo mwenye mrija wa urefu huo. Baadhi ya watu wakamcheka. Mwaka 1903, yeye kafa miaka 21 iliyopita, wataalamu wakamtangaza nondo wa Madagascar mwenye mrija mrefu vile, na jina wakampa la kukumbuka kwamba alitabiriwa. Ndugu zake nondo huyo wanaruka mpaka huku kwetu Afrika Mashariki, kwa iyo ukiona kubwa jeuri linazunguka taa usilipige kandambili haraka.

Tuje kwenye ufundi wa wahariri maana ndo wanastahili hizo nyota. Darwin mara nyingi hakuandika mwaka. Anaandika Down, Jumatano, basi. Au tarehe bila mwezi. Hawa watu wamekaa na karatasi, mihuri ya posta, nani kamjibu nani, nani alikuwa anaumwa wiki ipi, mpaka wakaipa tarehe, na sehemu waliyoikisia wenyewe wanaiweka kwenye mabano ya mraba ili usidanganyike. Angalia 2285, ile ya kwa rafiki yake Charles Lyell, mtaalamu wa miamba, ambayo Darwin anasema kapokea bahasha ya Alfred Russel Wallace, mkusanyaji wa wanyama na wadudu, toka visiwa vya Maleyi, ndani kuna wazo lilelile lake la miaka 20. Kwenye karatasi ipo 18 tu, Juni 1858 iko kwenye mabano. Na tarehe hiyo watu wamegombana kweli, kuna wanaomtuhumu Darwin kwamba bahasha aliipata mapema akaikalia, na barua yenyewe ya Wallace haipo, imepotea. Mi sioni ushahidi wa kumtia hatiani, na ukizisoma zile za wiki hizo mfululizo unakuta mtu aliyechanganyikiwa, nyumbani kuna homa ya skarleti, kichanga chake Charles kinafariki tarehe 28 Juni, na tarehe 1 Julai makala zake na za Wallace zinasomwa pamoja London bila yeye kuwepo. Zisome kwa mpangilio wa tarehe, usirukeruke.

Kilichopotea kipo kingi na hapo lawama ni za mzee mwenyewe. Mpaka miaka ya 1860 mwanzoni alikuwa anachomeka barua alizopokea kwenye vijiti vya chuma, kijiti kikijaa anazichoma moto za miaka kadhaa kwa mpigo. Baadae ndo akashawishiwa kutunza zile za maana zaidi. Kwa iyo kwa miaka ya mwanzo unasikia upande mmoja tu, anajibu swali ambalo hulioni, na maelezo ya chini yanajaribu kukujazia.

Za nyumbani msizikose. Aprili 1851 binti yake Annie, miaka 10, anaumwa Malvern, mji wa matibabu mbali na kwao, baba yuko nae, Emma kabaki nyumbani na mimba kubwa, na barua zinapishana njiani kila siku, leo kala kidogo, leo katapika, mpaka ile ya tarehe 23. Sitaieleza. Mwenye mtoto asiisome akiwa kwenye daladala. Halafu kuna upande mwingine kabisa, 28 Januari 1876 anamwandikia Asa Gray, profesa wa mimea wa Harvard, mtu mzito, anamtangazia matokeo ya bakgamoni, mchezo wa ubao na dadu, yeye na mkewe waliyokuwa wakicheza jioni: Emma maskini kashinda michezo 2,490 tu, mimi, hureee hureee, 2,795. Kaweka hesabu miaka yote! Na kuna ya Oktoba 1861 kwa Lyell anasema leo najisikia vibaya, mjinga kabisa, nachukia kila mtu na kila kitu. Hii nimeiweka stetasi zaidi ya mara moja.

Sasa nusu nyota nimekata wapi. Kwanza ni Kiingereza tupu, cha karne ya 19, sentensi zinazunguka mpaka umsahau mtendaji, kwa mwanafunzi wa huku ni kazi. Pili maelezo ya chini ni ya wasomi, yanakutuma kwenye juzuu na makala ambazo huna, wakati mwingine barua mistari mitano maelezo mistari thelathini, kwenye skrini ndogo unashuka unapanda unashuka. Tatu sachi, ukiandika neno la jumla kama njiwa, kwa Kiingereza bila shaka, unamwagiwa rundo. Dawa ni kuanza na jina la mtu na mwaka, sio neno. Kwenye bando haina tatizo, kurasa ni maneno zaidi, picha chache. Anayetaka kuona mwandiko wenyewe, picha za barua zake na Hooker zipo kwenye maktaba ya kidijitali ya hukohuko Cambridge, ila hizo zinakula bando, subiri waifai ya mtu. Na wakishakunogea wenzake, kuna Epsilon, mradi mwingine wa Cambridge wenye barua za wanasayansi wengine wa karne ileile, Faraday yumo, Henslow mwalimu wake Darwin yumo.

Ukianza leo, fuata hivi: Fox 1855 ya mijusi, Hooker 1855 za mbegu, kisha ruka mpaka Februari 1882 kwa Crick. Huyu Walter Drawbridge Crick alikuwa mtu wa viatu Northampton, aliokota mbawakawa wa majini aliyebanwa mguu na chaza mdogo, akaona amwandikie Darwin, na mzee wa miaka 73, miezi miwili kabla ya kufa, akamrudishia maswali, urefu, upana, mguu upi, chaza kashikilia muda gani, akatumiwa mdudu mwenyewe akiwa bado ana uhai kidogo, akamweka kwenye chupa na majani ya loreli yaliyokatwakatwa ili afe haraka bila mateso. Ikatoka kwenye jarida la Nature tarehe 6 Aprili, yeye akafariki tarehe 19. Mjukuu wa Crick ni Francis Crick, yule aliyeshiriki kugundua umbo la DNA 1953. Kwa asiyependa sayansi kabisa, aanze na bakgamoni.